Namna ya kuandika mkataba wa kukodi shamba bila kuua udongo

Nianze kwa kukiri. Kwa miaka 11 nililima mashamba mawili kwa pamoja: ekari 1 yangu mwenyewe, na ekari 2 nilizokodi kwa mzee mmoja, ng'ambo ya kijito. Samadi yote ya zizini ilikwenda kwenye ile ekari 1. Ng'ambo nilipeleka yurea basi, ile mbolea ya dukani ya naitrojeni, isipokuwa chokaa mara moja, nitakayoisimulia. Mabua ya mahindi ya ng'ambo niliyakata, nikayavusha, nikawalisha ng'ombe wangu, na kinyesi cha ng'ombe hao kikaenda, umeshajua, kwenye ekari yangu. Kila mwaka nilivusha kijito rutuba ya mzee yule, mzigo kichwani, mchana kweupe, na hakuna aliyeniita mwizi.

Haikuwa kwa kutojua. Makubaliano yetu yalikuwa ya msimu mmoja, ya mdomo: nalipa kabla ya mvua, navuna, tunaongea tena. Mtu aliye kwenye makubaliano ya namna hiyo hupeleka shambani kitu kinachorudi ndani ya msimu huohuo. Yurea inarudi. Samadi hairudi yote.

Leo mimi ndiye mwenye shamba, na magoti yangu yamenilazimisha kukodisha. Nimekaa pande zote mbili za meza, kwa hiyo naandika kwa wote wawili, mwenye shamba na mpangaji. Usimwombe mpangaji aupende udongo wako. Mhakikishie kwamba alichoutilia atakivuna, na asipokivuna, atalipwa. Mengine yote hapa chini ni ufafanuzi wa hilo.

Anza na hesabu ya kurudi

Kabla hujagusa kalamu ya mkataba, chukua karatasi uandike kazi zote ambazo shamba lako linahitaji, na mbele ya kila moja uandike inarudisha lini.

Yurea ni ya msimu, tena ikitumiwa peke yake mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali ya udongo, deni analoachiwa mwingine. Samadi hutoa sehemu tu ya naitrojeni yake mwaka wa kwanza. Iliyobaki hutoka kidogokidogo miaka inayofuata. Chokaa inahitaji miezi kabla ya kufanya kazi vizuri, kisha faida yake hukaa miaka kadhaa. Mikunde ina kisa chake: mbegu unavuna wewe, lakini sehemu nzuri ya faida ya udongo huiokota zao linalofuata. Ndiyo maana msimu wa mwisho wa mkataba mfupi huoni mtu akizungusha mazao kwa ajili ya udongo. Makinga maji ni magumu zaidi, kwa sababu mwaka wa kwanza yanaweza hata kupunguza mavuno: udongo mfu wa chini umeletwa juu na sehemu ya shamba imekuwa tuta. Miti, usiseme.

Ukitaka kujua samadi inakumbuka kiasi gani, kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, kuna jaribio la shayiri lililoanza 1852. Kipande kimoja kilitiliwa samadi kila mwaka hadi 1871, kisha ikasimamishwa kabisa. Zaidi ya miaka 100 baadaye udongo wa kipande hicho bado ulikuwa na mboji nyingi kuliko jirani yake ambacho hakikuwahi kupewa. Ni habari njema kwa mwenye ardhi. Kwa mpangaji wa msimu mmoja ni habari mbaya: karibu yote anayopeleka anamwachia mtu mwingine.

Sasa chora mstari kwenye karatasi yako pale muda wa mkataba unapoishia. Kila kilicho ng'ambo ya mstari hakitafanyika. Usijidanganye na sura ya mpangaji, au na jinsi anavyosalimia. Una njia mbili tu: usogeze mstari, yaani uongeze miaka, au ukubali kulipia kilichobaki ng'ambo ya mstari. Mkataba mzuri hufanya vyote viwili.

Tazama umeingia makubaliano ya aina gani

Kukodi kwa pesa taslimu kuna uzuri mmoja: ongezeko la mavuno ni la mpangaji lote, kwa hiyo ana sababu ya kujituma. Ubaya wake ni kwamba sababu hiyo inakufa siku mkataba unapokufa, na siku hiyo anaijua tangu mwanzo.

Kugawana mavuno ni mnyama mwingine. Tuseme mimi ndiye mpangaji, tunagawana nusu kwa nusu, na mbolea nanunua mimi. Gunia la samadi nalilipia lote, ila magunia yanayoongezeka nabaki na nusu. Mtu yeyote mwenye akili ataacha kununua samadi mapema kuliko angeacha kwenye shamba lake. Mwanauchumi Alfred Marshall aliieleza hesabu hii tangu 1890. Dawa yake si kuacha kugawana, maana mvua ikigoma hasara inabebwa na wawili, na mkulima maskini anaihitaji sana nafuu hiyo. Dawa ni kugawana gharama kwa uwiano uleule wa mavuno. Mnagawana nusu, basi samadi, chokaa na vibarua vya makinga maji ni nusu pia. Andikeni hivyo. Mwenye shamba anayetaka nusu ya magunia lakini hataki kusikia habari ya chokaa hana haki ya kulalamika kwamba shamba limechoka.

Shamba la rehani ndilo hupata tabu kuliko yote, kwa maoni yangu. Mkopeshaji analima mpaka deni lilipwe, na deni linaweza kulipwa kesho. Atapanda nini cha kudumu? Ukilazimika kuweka shamba rehani, angalau andikeni kwamba likombolewe mwisho wa msimu, tena baada ya taarifa ya msimu mzima.

Halafu kuna shamba la ndugu, la bure. "Lima tu, kwani tuna tatizo?" Hapa sina kanuni. Nimeona kaka akilima la dada yake kama lake, na nimeona kinyume. Uaminifu unaweza kurefusha mstari kuliko karatasi yoyote, ila waandikieni watoto wenu, ambao hawatakuwa na uaminifu huo.

Miaka mingapi?

Mimi nimeweka 5, na sitashuka chini ya 4. Sababu ni karatasi ile ya kurudi: chokaa na samadi vyote viwili vinaingia humo. Ukitaka makinga maji au miti kwa gharama ya mpangaji, fikiria 10 au zaidi. La sivyo yachimbe mwenyewe.

China ni mfano unaofaa kutazamwa. Mashamba yalipogawiwa kaya, mwaka 1984 serikali ilitangaza muda wa miaka 15, na 1993 ikaongeza 30, kwa hoja hiihii kwamba mkulima asiye na hakika hawekezi. Lakini katika vijiji vingi ardhi iliendelea kugawanywa upya kila baada ya miaka michache kufuata ukubwa wa familia. Wanauchumi Hanan Jacoby, Guo Li na Scott Rozelle walichunguza jambo hilo, wakachapisha 2002: pale ambapo hatari ya kunyang'anywa kipande ilikuwa kubwa, mbolea ya asili ilitiwa kidogo. Wakaongeza neno ambalo wapenda hati za ardhi huliruka, nalo ni kwamba hasara yenyewe ya uzalishaji haikuwa kubwa. Miaka peke yake haitoshi, basi. Inaondoa kisingizio, haileti maarifa wala ng'ombe.

Ghana walionyesha upande mwingine. Wanauchumi Markus Goldstein na Christopher Udry, mwaka 2008, walieleza kwamba wenye vyeo kijijini walipumzisha mashamba yao muda mrefu zaidi kuliko wengine, kwa kuwa hawakuogopa kwamba kipande kilichoachwa kitachukuliwa. Kwa hiyo ukimtaka mpangaji apumzishe sehemu ya shamba, andika kwamba sehemu inayopumzika bado ni yake hadi mwisho wa mkataba. Na ipunguzie kodi. Huwezi kumtoza mtu kodi nzima ya udongo uliomwambia asiuguse.

Zaidi ya idadi ya miaka, kuna siku ya kuamua. Mkataba wa miaka 5 ambao hatima yake inajulikana wiki ya mwisho ni mkataba wa miaka 3 ya matunzo na 2 ya kukamua. Wangu unasema: mwishoni mwa mwaka wa 3 tunakaa chini. Tukikubaliana, tunaongeza 3 pale pale, na mstari unasogea. Tukishindwana, kila mtu anajua mapema na jedwali la fidia, ambalo nitalifikia, linaanza kufanya kazi.

Pimeni udongo pamoja, siku moja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ugomvi wote unapozaliwa. Bila kipimo cha mwanzo, mwisho wa mkataba kila upande una kumbukumbu yake. Mwenye shamba anakumbuka udongo mweusi uliokuwa ukinukia. Mpangaji anakumbuka mawe.

Gawanya shamba kufuata linavyofanana: mteremko peke yake, bonde peke yake, sehemu ya zamani ya zizi usiiguse kabisa. Kwenye kila sehemu tembeeni kwa kupindapinda, mchimbe pointi 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, na mkwepe njia, vichuguu, chini ya miti na palipochomwa taka. Udongo wote wa sehemu moja uingie ndoo moja ya plastiki. Ndoo ya bati iliyopakwa zinki itaharibu kipimo cha madini hayo. Changanyeni, toeni nusu kilo mara tatu: moja ya maabara, moja ya mwenye shamba, moja ya mpangaji, zote zikiwa zimekaushwa kivulini, zimefungwa, zimetiwa sahihi na tarehe. Hizo mbili za nyumbani ndizo zitakazoamua siku mtu atakapodai maabara ilikosea.

Pimeni pH (kipimo cha tindikali: namba ikishuka, tindikali imepanda), kaboni ya udongo (inayoonyesha mboji), fosforasi na potasiamu. Naitrojeni msiifanye kigezo cha kugombania, maana hupanda na kushuka na mvua. Kaboni nayo hubadilika polepole. Kwa miaka 5 tofauti ndogo inaweza kuwa kelele ya kipimo tu, kwa hiyo msimhukumu mtu kwa nukta moja. pH ndiyo shahidi mzuri. Ikiwa imeanzia 5.8 ikaishia 5.1, kuna mtu alitia yurea na kusahau chokaa, na chini ya 5.5 hivi madini ya alumini huanza kusumbua mizizi. Mwisho wa mkataba rudini kwenye maabara ileile na mwezi uleule wa mwaka.

Kama maabara iko mbali, bado kuna la kufanya. Chimbeni shimo la sentimita 20 kila upande, muhesabu nyungunyungu wakati udongo una unyevu. Zamisheni kopo lisilo na matako, mmimine maji, mhesabu dakika hadi yaishe. Kwenye mteremko gongeni vigingi vyenye alama usawa wa ardhi. Kigingi kinachochungulia milimita 1 kinaonekana kitu kidogo, lakini milimita 1 juu ya hekta nzima ni mita za ujazo 10 za udongo, yaani tani 12 au 13 hivi zilizokwenda mtoni. Picha pia zinasaidia, mkisimama mahali palepale.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na udongo ni mali inayopotea kimyakimya kuliko zote.

Jedwali la fidia

Hili nalidai kwa uchungu. Mwaka wangu wa 8 ng'ambo ya kijito mzee aliniambia, "Mwanangu, utalima mpaka uchoke." Nikamwamini. Nikanunua chokaa, nikaitia kwenye ekari moja kati ya mbili, nikaifukia vizuri. Mwaka wa 9 ekari ile ikabeba mahindi ambayo wapita njia walisimama kuyatazama. Mmoja wa waliosimama alimfuata mzee akampa kodi kubwa kuliko yangu. Nikabaki na ile ekari nyingine, ya yurea. Simlaumu aliyepanda bei. Aliona shamba zuri. Namlaumu mzee kidogo na najilaumu mwenyewe zaidi, kwa kutoandika.

Nilichokosa kilikwishagunduliwa. Uingereza walipitisha sheria ya mashamba ya kukodi mwaka 1875 iliyompa mpangaji anayeondoka haki ya kulipwa thamani ya maboresho ambayo hayajaisha. Waliyagawa mafungu matatu: ya kudumu kama mifereji ya kukausha maji, yanayohesabiwa kuisha kwa miaka 20, ya kati kama kutia chokaa, miaka 7, na ya muda mfupi kama mbolea za kununua, miaka 2. Kasoro yake ilikuwa kwamba wenye ardhi waliruhusiwa kuikwepa kwa mkataba, nao wakaikwepa. Mwaka 1883 ikafanywa ya lazima.

Nakili wazo hilo, namba weka zenu. Mimi na mpangaji wangu tumeandika: chokaa inaisha kwa miaka 5, sehemu sawa kila mwaka. Ametia ya thamani ya 100 na ameondoka baada ya miaka 2, namlipa 60. Samadi inaisha kwa miaka 3: nusu mwaka wa kwanza, 30 kwa 100 wa pili, 20 kwa 100 wa tatu. Makinga maji, miaka 10. Si sayansi kamili, wala haihitaji kuwa. Inatosha kwamba tulikubaliana kabla hatujagombana.

Masharti mawili yanayolinda upande wangu. Chochote kinachozidi kiasi fulani anitaarifu kwanza, asije akanijengea deni nisiloliweza. Na samadi ihesabiwe ilipoingia shambani, kwa mikokoteni, mbele ya mtu wangu. Risiti ya dukani inathibitisha kwamba mtu alinunua, haithibitishi alimwaga wapi. Mimi najua.

Fidia iende pande zote mbili. Tumeandika pia kwamba pH ikishuka zaidi ya nusu nukta kutoka kipimo cha mwanzo, gharama ya chokaa ya kuirudisha ni ya mpangaji. Na mabua yabaki shambani angalau nusu, hayachomwi. Kifungu hicho cha mabua nilikiandika mwenyewe, kwa mkono wangu, na nadhani unajua kwa nini.

Mwaka wa kuondoka

Hata mkataba mzuri una mwaka wa mwisho, na mwaka huo mtu hukamua. Usihubiri. Weka dhamana: sehemu ya kodi ya mwaka mmoja inakaa kwa mtu wa tatu mnayemwamini wote, na inarudi baada ya kipimo cha mwisho. Zao la msimu wa mwisho liwe mikunde, na kodi ya msimu huo ishuke, kwa kuwa faida yake naichukua mimi au mpangaji ajaye. Nikitaka zawadi hiyo niilipie.

Mambo madogo ambayo watu husahau: andikeni mkataba unawabana warithi na mnunuzi, kwa sababu mwenye shamba anaweza kufa mwaka wa 2 na watoto wakaja na kamba za kupimia. Andikeni miti iliyopo na itakayopandwa ni ya nani. Kuna sehemu nyingi ambako kupanda mti ni kudai ardhi, na mwenye shamba akihofia hilo atakataa hata mti wa kivuli. Kwa hiyo neno "mti hautoi haki ya ardhi, fidia yake iko kwenye jedwali" linawatuliza wote. Angalieni pia sheria ya ardhi ya mahali mlipo inataka mkataba wa miaka mingapi usajiliwe.

Na kodi. Mwenye shamba mwenzangu, ukipandisha kodi hadi mpangaji abaki na chakula tu, hakuna kifungu kitakachokuokoa. Atailipa kodi hiyo kwa kuuza udongo wako, msimu kwa msimu.

Mpangaji wangu yuko mwaka wa 4 sasa. Mwaka jana tulikaa tukaongeza miaka 3. Wiki mbili baadaye nilisikia mkokoteni asubuhi, nikatoka na daftari kuhesabu. Alikuwa ameleta mikokoteni 9 ya samadi, naye ana shamba lake mwenyewe kule bondeni. Nikamuuliza kwake amepeleka mingapi. Akacheka, akasema, "Shangazi, hilo halimo kwenye mkataba."